Asiyekubali Kushindwa

Wahenga wa Pwani waliacha methali moja ambayo hutajwa sana siku ya mashindano na kufikiriwa kidogo siku ya pili yake: asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu huitaja yule aliyeshinda, tena kwa sauti ya juu, ili kumtuliza aliyeshindwa. Kwa namna hiyo methali imekuwa mfano wa leso ya kumfutia mwenzio machozi uliyomtoa wewe mwenyewe. Hata hivyo papo mahali ambapo maneno hayo husemwa bila ya kejeli na bila ya faraja, kama vile mtu asemavyo kuwa maji ya bahari yana chumvi. Mahali pamoja kama hapo ni chini ya mwembe mmoja, Maramba.

Maramba imo katika wilaya ya Mkinga, mkoani Tanga, wilaya iliyomegwa kutoka Muheza. Mtu atokaye Tanga mjini kwa njia ya Horohoro hugeuka Mabokweni, akaipa bahari mgongo, akaelekea vilima vya Usambara Mashariki. Upepo wa pwani humsindikiza kitambo, kisha humwacha. Minazi bado ipo, lakini sasa ina majirani: michungwa, mihogo, mahindi, na kwa mbali kijani kizito cha misitu ya mlimani. Watu nao ni mchanganyiko wa namna hiyo hiyo. Wapo Wadigo, Wasambaa, Wabondei na Wakamba; wapo vijana wa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa waliokuja kutoka mikoa yote; na wapo wajukuu wa wale walioletwa na mkonge.

Chini ya mwembe huo, karibu na maduka, wazee wawili walicheza bao kwa muda usiopungua miaka ishirini. Mmoja alikuwa Mdigo, mzaliwa wa Moa, kijiji cha wavuvi kilicho karibu na mpaka wa Kenya. Wa pili alikuwa Mmakonde, ambaye baba yake alikuja kaskazini kukata mkonge. Bao lilikuwa la Mdigo, la mti wa mvule, limekatika pembe moja. Mkeka ulikuwa wa Mmakonde. Kila mmoja alikuwa na kigoda chake, na hapana aliyekalia kigoda cha mwenziwe hata pale mwenyewe alipokwenda kuswali au kunywa maji. Aliyefungwa hakuondoka. Alizikusanya kete, akazipanga upya, na kwa kuwa amefungwa ndiye aliyekuwa na haki ya kusema sana. Mshindi alinyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya mwembe ule, na haikuandikwa popote.

Kwa msomaji ambaye hajapata kukaa mbele ya bao la Kiswahili, yafaa kueleza kidogo. Ubao una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Kete ni 64, na kete bora ni komwe, mbegu za mkomwe uotao ufukweni, ngumu, za kijivu, laini mkononi kama jiwe lililosuguliwa na mto. Kila mchezaji ana kete 32. Katika safu ya mbele kuna shimo moja la mraba liitwalo nyumba. Humo huwekwa kete sita, na katika mashimo mawili yanayofuata huwekwa mbili na mbili. Zilizobaki, 22, hukaa akiba. Sehemu ya kwanza ya mchezo ni kunamua: kila zamu mchezaji huingiza kete moja kutoka akiba yake, na ikiwa shimo lililoelekeana nalo kwa mpinzani lina kete, huzila na kuzisambaza upande wake kuanzia kichwani. Akiba ikiisha, huingia mtaji, ambapo mtu hucheza kwa kile tu kilichomo ubaoni. Asiye na cha kula hutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezo wake hulala na zamu huenda kwa mwenziwe. Anayemalizikiwa na kete katika safu ya mbele amefungwa. Na akimalizwa akiba ingali haijaisha, huambiwa amefungwa mkononi, na hilo ni jambo litakalosimuliwa hadi magharibi.

Katika sheria zote hizo kuna moja ambayo wachezaji huizoea mno hata wasiione. Katika drafti, kizibo kilicholiwa hutupwa pembeni. Katika sataranji, askari aliyeuawa hulazwa nje ya uwanja. Katika bao hapana kete inayotoka. Zilikuwa 64 wakati wa kuanza, na zitakuwa 64 wakati wa kumaliza. Kete iliyoliwa huhamia upande wa pili na kuanza kumtumikia aliyeila, na baada ya zamu tatu huenda ikaliwa tena na kurudi nyumbani. Mchezaji mwenye kete nyingi anajua kuwa kila aliyonayo aliitoa kwa mwenziwe, na kwamba njia iliyoileta iko wazi pande zote mbili. Ndiyo maana mabingwa hawashangilii nyumba iliyojaa. Nyumba yenye kete kumi na tano ni utajiri, na ni windo vilevile. Siku ifikapo zamu ya kuamua kama nyumba ilale au isafiri, mkono wa mzee husita juu ya shimo la mraba, na watazamaji wote huacha kuzungumza.

Lugha yenyewe imelibeba neno hili mbali. Bao ni ubao mkubwa wa kuchezea. Bao ni ramli, pale mganga apigapo bao ili kuona yaliyofichika. Na bao ni goli. Mtangazaji wa mpira wa Dar es Salaam au Unguja, kandanda inapoingia wavuni, hupaza neno lile lile ambalo wazee wa Maramba hulinong'ona, na mchezo humalizika kwa mabao mawili kwa moja. Mpira uliingia Pwani kwa meli za Waingereza na skuli zao, ukakuta kiti cha ushindi kimekwisha kuchongwa, ukakikalia. Karata nazo zina historia ya namna hiyo. Kopa, pau, shupaza, uru na turufu ni maneno ya Kireno, na yamebaki katika vinywa vya wacheza wahedi wa sitini kwa muda mrefu baada ya Wareno wenyewe kuondoka Ngome ya Mombasa. Mshindi wa vita alifukuzwa. Karata zake zikaachwa mezani, na walioshinda wakaendelea kuzicheza.

Mkonge nao ulipanga watu kama kete. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika salama na kupandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba ya Tanga yote, na mashamba yakaita watu: Wanyamwezi, Wamakonde, Wahehe, Wabena na wengine wengi, waliohesabiwa kwa namba na kuitwa manamba. Walilala katika makambi yaliyopangwa mstari kwa mstari. Wengi wao walikuwa na michezo ya mashimo na mbegu kwao, kama vile Wasukuma walivyo na isolo na Waganda walivyo na omweso wenye mashimo 32 na kete 64. Hivyo jioni ya kambini mtu aliyekuwa hajui Kiswahili sawasawa aliweza kuinama, kuchimba mashimo ardhini, na kueleweka. Walipotofautiana juu ya sheria, sheria ya Pwani ndiyo iliyoshika, kwa kuwa ilikuwa ngumu zaidi na kila mmoja alitaka kuonesha kwamba anaiweza. Baba wa yule Mmakonde wa Maramba alijifunza hivyo. Mwanawe alikuwa akisema kuwa mzee wake alijua kunamua kwa Kiswahili kabla hajajua kuomba chumvi.

Adabu hii ya kuwekana hai wakati wa kushindana haikufungiwa ubaoni. Huko Pemba, baada ya mavuno, huchezwa ng'ombe, mchezo ambao husemwa kuwa ulitokana na Wareno. Dume hufungwa kamba, huletwa uwanjani, na kijana mwenye kitambaa humchokoza na kumkwepa, huku wanawake wakiimba na ngoma ikilia. Anayekumbuka michezo ya Uhispania husubiri upanga, na upanga hauji. Ng'ombe hurudishwa bandani akiwa mzima, na sifa zake huimbwa pamoja na za mchezaji. Mwenye ng'ombe mkali huheshimiwa kijijini kama aliyezaa mwana shujaa. Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila Julai katika Mwaka Kogwa wanaume wa pande mbili hupigana kwa makuti ya migomba, na mwenye kinyongo cha mwaka mzima hukimaliza hapo, mbele ya watu wote, kisha hula pamoja na aliyempiga. Katika kirumbizi vijana wawili huingia uwanjani na bakora, wakashambuliana na kukingana kwa mwendo wa ngoma, na fimbo isiyofuata mdundo huhesabika kuwa ni ya mtu asiyejua. Katika mashindano ya ngalawa, chombo kimoja kikipinduka, kilicho karibu hupunguza tanga ili kuokota watu. Hapo bahari ndiyo mpinzani wa wote wawili.

Hata watoto hufundishwa mapema. Kitendawili, huanza mmoja. Tega, hujibu wengine. Wakishindwa kukitegua, wanaotegewa hawatoi fedha wala hawachapwi: hutoa mji. Nipe mji, husema mtegaji, na mtoto wa Maramba ambaye hajapata kuvuka Mto Umba humpa Mombasa yote, na bandari yake na ngome yake. Mtegaji hukataa, hudai Unguja, hupewa Unguja. Kisha husimulia safari yake kidogo katika mji aliopewa, na mwishowe hutoa jibu. Hapana mahali pengine ambapo aliyeshindwa huonekana tajiri kiasi hicho. Kesho yake yeye ndiye atakayetega kitendawili kile kile kwa watoto wa mtaa wa pili, na wakishindwa ataidai Mombasa yake irudi.

Wapenzi wa mashairi wanaijua hali hiyo, kwani ushairi wa Kiswahili umekua kwa kutegana. Katika gungu la zamani, mshairi alifunga fumbo na mwenziwe alitakiwa kulifumbua kwa vina vile vile; asiyeweza alikiri mbele ya hadhara. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, alitunga juu ya vita, mapenzi, njaa na siasa, na hakuona kuwa bao ni jambo dogo lisilostahiki shairi. Zama za vita vya Mombasa na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, yeye na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walipigana kwa beti, kila mmoja akisubiri shairi la adui lifike ili apate la kujibu. Mombasa ilishindwa Shela. Mashairi ya pande zote mbili yalibaki, na leo husomwa pamoja, kwani jibu lisilo na swali lake ni nusu ya shairi. Karne moja baadaye gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, liliwapa washairi wa Tanganyika uwanja wa namna hiyo hiyo. Mtu wa Tanga aliuliza, mtu wa Tabora akajibu, wa tatu akaingilia kati bila ya kualikwa. Wengi hawakupata kuonana kwa macho. Walijuana kwa vina, na mmoja alipokaa kimya miezi kadhaa, wapinzani wake ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza ana nini.

Heshima ya baraza la bao ilikuwa kubwa kiasi cha wakuu kuvua vyeo vyao kabla ya kukaa. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kulipenda bao, na Mzee Abeid Amani Karume vilevile. Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui mjini Unguja, katika makao makuu ya Afro-Shirazi, Mzee Karume alikuwa barazani na wenziwe kwenye bao pale walipoingia waliokuja kumuua. Wanahistoria wameandika mengi juu ya siasa za siku ile, na si mahali hapa pa kuyapima. Liko jambo dogo lakini, ambalo mchezaji yeyote wa bao hulihisi anapoisikia habari hiyo: mtu aliyeinamia bao ameutoa mgongo wake kwa jirani zake. Macho yake yako mashimoni, mikono yake ina kete. Mchezo wa barazani hudhani kuwa adui wa pekee ni yule aliye mbele yako, na kwamba huyo hana silaha ila hesabu. Dhana hiyo ikivunjwa, kinachovunjika ni zaidi ya mchezo mmoja.

Mpira wa Tanga ulirithi mengi ya barazani. African Sports, Wanakimanumanu, ilianzishwa mwaka 1936. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ikafuata mwaka 1948. Mji mmoja, uwanja mmoja wa Mkwakwani, timu mbili. Zilikuwako nyumba ambamo baba alikuwa Sports na mama Coastal, na chakula cha siku ya mechi kilipikwa mapema kwa sababu ambazo kila mmoja alizijua. Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Tanzania, mashabiki wa Sports walikuwa na kazi ngumu, maana ubingwa ulikuwa wa mji wao na aibu ilikuwa ya kwao. Huko Dar es Salaam, Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 huitwa watani wa jadi, na neno hilo halikuchaguliwa ovyo. Mtani ni yule mwenye ruhusa ya kukutukana msibani na wajibu wa kukuchimbia kaburi. Alama za timu zikihesabiwa katika jedwali, mtani ni mpinzani. Siku ikiwa nzito, ni ndugu. Anayeyatenganisha mambo hayo mawili hubaki na ugomvi mtupu.

Haifai kuisifu Pwani kupita kiasi. Mwembe wa Maramba haukuwa wa wote. Wanawake walipita na ndoo zao, wakasalimu, wakaitikiwa, na hapana aliyewasogezea kigoda. Ushindani wao ulikuwa na viwanja vyake: lelemama, majina ya kanga yaliyovaliwa ili yasomwe na mtu mmoja tu katika harusi nzima, na nyimbo za taarabu ambazo Tanga ya miaka ya 1960 na 1970 ilizisikia kutoka kwa Black Star na Lucky Star. Wasichana walikuwa na mdako, wakirusha jiwe juu na kukusanya mengine kabla halijashuka, na mkono wa msichana aliyeuzoea mdako una hesabu isiyopungua ya mnamuaji yeyote. Wangeliweza bao, hawakuulizwa. Tena barazani palikuwa na maneno makali, na wakati mwingine fedha ziliwekwa chini ya mkeka. Wapo waliofungwa nazi za shamba zima kabla ya kuangushwa mtini. Adabu ya mchezo haikumzuia kila mtu kuwa mpumbavu.

Hata hivyo fedha ile ya chini ya mkeka ilikuwa na uso. Aliyeichukua alijulikana, na njaa ya nyumba ya aliyeitoa ilionekana kesho yake asubuhi. Siku hizi neno mkeka limepata maana mpya. Kijana wa bodaboda hukaa juu ya pikipiki yake, simu mkononi, akachagua mechi kumi za Ulaya, akaweka shilingi elfu moja, na hiyo orodha yake huiita mkeka. Timu moja ikimwangusha, husema mkeka umechanika. Lugha haikosei hata inapofanya mzaha: kweli kuna kitu kimechanika. Mkeka wa zamani ulikuwa wa kukalia watu wawili au zaidi. Huu mpya ni wa mtu mmoja, na aliye upande wa pili hana jina, hana kigoda, hakujui kama umeshinda au umeshindwa, wala hatauliza ana nini mtu yule asiyeonekana tena. Kijana hufungwa peke yake, usiku, chini ya neti, huku ndugu zake wamelala. Hapana wa kumtania. Hapana haki ya kusema sana aliyopewa kwa kuwa amefungwa. Wala kilicholiwa hakibaki ubaoni, kikasubiri zamu ya kurudi.

Si kwamba vijana hao hawana akili ya bao. Wanaokumbuka wafungaji wa timu ishirini na majeruhi wao wanaweza kukumbuka kete 64. Mtaalamu wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliketi na mabingwa wa Unguja, akawachunguza namna wanavyoona michezo mingi mbele kabla ya kunyoosha mkono. Kazi yake juu ya umahiri wa bao ilitoka Leiden mwaka 1995. Aliyoyakuta kwa wazee hao ni uwezo ambao hausomwi vitabuni kwanza. Hupatikana kwa kufungwa mara elfu na mtu anayekuzidi, ambaye yuko tayari kukaa nawe kesho. Hapo ndipo penye hatari. Bao lenyewe halitapotea kirahisi, maana mti upo na komwe zipo. Kinachoweza kupotea ni yule mwenye kukuzidi anayekusubiri.

Mdigo wa Moa alifariki mwishoni mwa masika, baada ya homa ya wiki mbili. Alizikwa Maramba. Mmakonde alikaa matanga siku tatu, na watani wa marehemu walimkejeli kuwa hatimaye amepata namna ya kumshinda. Alicheka, na kwa mujibu wa waliokuwapo hiyo ndiyo mara pekee aliyocheka siku zile. Wanawe marehemu walimwambia achukue bao. Alikataa mpaka arubaini ipite. Arubaini ilipopita alilichukua, akalirudisha chini ya mwembe, akatandika mkeka, akaweka vigoda viwili.

Kwanza alijaribu kucheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Alicheza siku mbili, akaacha. Mkono mmoja ulikuwa unajua siri za mwingine, na hapakuwa na wa kudanganywa. Kisha walikuja wazee wengine, lakini macho ya mmoja yalikuwa na mtoto wa jicho na wa pili hakuwa na subira. Mwishowe alikuwa anacheza na kijana mmoja azibaye pancha hapo jirani, ambaye alilijua bao la kujifunza tu, lile la watoto. Kijana alichuchumaa upande wa pili, au alikalia dumu la mafuta tupu. Kigoda cha Mdigo kilikaa pembeni, na hapana aliyemwambia asikikalie.

Mzee alimfunga kila siku. Alimfunga mkononi, alimfunga katika mtaji, alimfunga huku akizungumza na wapita njia. Watazamaji walipomsifu alikasirika. Alisema: nikishinda kila siku, nacheza na nani? Akaanza kumwonesha kijana makosa yake kabla hayajafanyika, akamrudishia kete, akamwambia tazama kichwani, tazama kimbi, usiikimbilie nyumba yangu. Baadhi ya watu walidhani ni huruma. Huenda ilikuwa kinyume chake: mzee alikuwa akimjenga mtu atakayemuumiza.

Kaskazi ilipoanza kuvuma, alasiri moja kijana alinamua kete yake katika shimo ambalo hapana aliyelitazamia, na nyumba ya mzee ikaliwa, kete kumi na mbili kwa mpigo mmoja. Kijana mwenyewe alishituka, akazihesabu mara mbili kabla ya kuzisambaza. Mzee hakusema neno. Mchezo ule bado aliushinda yeye, kwa taabu, jua likiwa limeshuka nyuma ya vilima. Kisha zilipangwa tena kete, sita katika nyumba, mbili na mbili pembeni. Kijana alipokwenda kuvuta dumu lake akae, mzee alinyoosha mguu, akakisukuma kigoda mbele yake.